Dosha, Mpangaji wa Zella

Zella Slone aliendesha basi la shule miaka thelathini na minne, akipanda na kushuka bonde letu la Pigeon Fork, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemsikia akipaza sauti. Hakuhitaji. Kila shule zilipofunguliwa aliweka kofia kuukuu ya kiume kwenye kiti cha nyuma kabisa, akawaambia watoto kwa uso mkavu kwamba hicho ni kiti cha mkaguzi, na mkaguzi ameshuka mara moja tu kujisaidia. Watoto walikaa kimya hadi Krismasi. Wapo wenye vipara leo ambao bado wanamuuliza yule mkaguzi aliitwa nani.

Nayajua haya kwa sababu mimi Lonzo ndiye niliyekuwa fundi wa mabasi yale, na kofia ilikuwa yangu.

Alipostaafu, hata mwaka haukuisha, mumewe Harlan akafariki. Zella akabaki peke yake katika nyumba ile ya mbao iliyo ng'ambo ya kijito, mkabala na kwangu. Mwanawe, Garland, anaishi Louisville. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapiga simu kumhimiza mama yake atafute wa kukaa naye. Nilikuwepo mezani siku walipofikia mwafaka, nasikia pande zote mbili maana Zella huweka simu kwa sauti kubwa.

"Mama, chukua hata mbwa."

"Mbwa ananipigisha chafya."

"Paka, basi."

"Chafya, na makucha juu yake."

"Samaki je?"

"Samaki wananikodolea macho tu kama wajumbe wa bodi ya shule."

"Basi chochote, Mama! Alimradi kiwe na uhai!"

"Chochote?"

"Chochote."

"Umesema mwenyewe, Garland. Lonzo yuko hapa, ni shahidi."

Alipokata simu nilimuuliza ana nini moyoni, maana nilishaona lile jicho lake la kushoto linavyosinyaa akiwa na lake jambo. Akasema anataka nyoka.

Hamu yenyewe ilikuwa ya siku nyingi. Zamani msichana mmoja wa huko juu bondeni alipanda basi na nyoka mweusi ndani ya kopo la chakula, eti anampeleka kwenye somo la sayansi. Walipofika darajani nyoka akatoka, na watoto arobaini wakawa juu ya viti wanalia. Zella aliegesha basi, akatembea mpaka katikati, akamwokota yule nyoka, akamzungusha kwenye kifundo cha mkono, kisha akaendesha mpaka shuleni akibadilisha gia na nyoka wake kama bangili.

"Mwanzo ni wa baridi," aliniambia, "halafu taratibu anachukua joto lako. Hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono kwa utulivu namna ile, na hapo simsemi vibaya Harlan."

Jioni ile alimwambia Harlan anataka kumfuga. Harlan akamwambia achague, yeye au nyoka. Zella alimchagua Harlan, lakini kwanza alifikiri, na Harlan hakuusahau ule ukimya mpaka anakufa.

Mwezi wa Aprili tukaenda Lexington kwa gari langu, kwenye ukumbi wanakokutana wafugaji wa nyoka, kobe na mijusi. Meza zilijaa visanduku, na watu walisongamana kama siku ya mnada wa ng'ombe. Zella alipita meza kumi bila kusimama. Ya kumi na moja ilikuwa ya Hobart Pruitt, pande la mtu, ndevu zimefika kwenye kifungo cha pili cha shati, na sauti ya kubembelezea mtoto.

"Karibu, mama. Unatafuta wa kutazama au wa kushika?"

"Wa kuishi naye."

Hobart akaweka chini kikombe chake cha kahawa. "Hayo sasa ni mengine. Wengi wanachagua kwa macho. Wanachukua rangi, baada ya wiki mbili wananipigia simu wanalia. Umeshawahi kufuga?"

"Nimeendesha basi la shule."

"Basi unajua."

Alianza kwa kumwonyesha mmoja mweupe kama maziwa, macho ya buluu. Watu wote walikuwa wanamzunguka huyo. Zella alipoinama amtazame vizuri, nyoka akakunja shingo, akaruka na kugonga kifuniko kwa pua.

"Mzuri, na anajua kwamba ni mzuri," Zella akasema. "Nimeshabeba wasichana wa namna hiyo. Mwingine."

Wa pili alikuwa wa kijani, ametokea milima ya mbali huko Asia. Hobart alimshika kama mtu aliyeshika yai. "Huyu akihuzunika hali. Ukihamisha meza anahuzunika. Ukibadilisha pazia anahuzunika."

"Nilishaolewa mara moja, inatosha. Mwingine."

Hobart akacheka mpaka ndevu zikatikisika, kisha akainama chini ya meza. Akatoa sanduku ambalo hata hakulipanga na mengine. Ndani yake mlikuwa na nyoka mla panya wa huku huku kwetu, mweusi wa kung'aa, weupe unachungulia kati ya magamba, urefu kama mita moja na nusu. Jike, umri miaka mitano. Alianguliwa nyumbani kwa Hobart mwenyewe, na kijana aliyemchukua alimrudisha alipojiunga na jeshi la majini.

"Huyu hana rangi ya kuringia, ndiyo maana anakaa chini," Hobart alisema. "Lakini huyu, mama, umeme ukikatika hafi. Ukisahau siku yake ya chakula hanuni. Aliwahi kuanguka kutoka juu ya kabati, akajikung'uta akaendelea na safari yake. Kosa lake ni moja tu. Hakuna mlango asioujaribu."

Zella hakutaka hadithi. Alikunja mikono ya sweta, akamchukua mkononi, akasimama naye dakika kumi nzima akinisimulia habari za nyanya zake, kwa makusudi, ili aone kama nyoka atapapatika. Hakupapatika. Alipanda mkono kwa taratibu, ulimi unaingia na kutoka, akapita begani, akachunguza nywele, akashuka kifuani, akaingiza kichwa ndani ya kibweta cha miwani kilichokuwa mfukoni mwa Zella, na hapo akatulia. Mimi niliyashuhudia hayo nikiwa kama mita mbili nyuma, kwa heshima.

"Mara ya mwisho alijivua lini?" Zella akauliza.

Hobart akatoa ngozi ndani ya bahasha. Ilikuwa imetoka nzima tangu puani mpaka ncha ya mkia, kama soksi. Zella akaitazama kwenye mwanga, akachungulia macho ya nyoka, akamtazama mdomo, akampapasa tumbo lote kwa kidole gumba.

"Nimempata," akasema.

Tulikuwa tumeshaliacha jiji nyuma aliponiambia jina. "Nitamwita Dosha."

Nilikaribia kuliingiza gari mtaroni. Dosha lilikuwa jina la mama mkwe wake, mama mzazi wa Harlan, aliyekuwa kaburini miaka kumi na moja.

"Zella!"

"Mrefu, mwembamba, na unamkuta jikoni hujui ameingiaje. Ungempa jina gani wewe?"

Mama mkwe kweli alikuwa amekufa, lakini binti yake alikuwa hai, tena hai sana. Huyo ni Minta, dada yake Harlan, wifi yake Zella. Kila Jumanne Minta alikuwa anaingia nyumbani kwa Zella bila kubisha hodi, anafungua makabati, anapanga upya makopo anavyoona inafaa, anaonja kilichoko jikoni na kuongeza chumvi. Zella alivumilia kwa ajili ya Harlan, halafu akavumilia kwa ajili ya marehemu Harlan. Bahati ni kwamba majira yale Minta alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, yuko nyumbani kwake upande wa pili wa kilima, na habari zote alizipata kwa simu.

Basi hapo ndipo Zella alipofanya ule uhuni wake. Jumapili, nje ya kanisa, mke wa mchungaji alimshika mkono kwa huruma. Ni mama mwema, Mama Mchungaji Combs, ila hana breki ya mdomo.

"Zella mpenzi, unaendeleaje huko peke yako?"

"Siko peke yangu siku hizi, Mama Mchungaji. Niko na Dosha."

"Dosha nani?"

"Mpangaji wangu. Nimempa chumba cha Garland. Mpole kupita kiasi."

"Oh, afadhali! Anakula vizuri?"

"Hana makuu. Kila baada ya siku kumi."

Mama Mchungaji akapepesa macho. "Kila... Mbona hujaja naye kanisani?"

"Namfungia. Nikiacha wazi atapotea."

"Na nguo? Ana nguo jamani?"

"Alikuwa na moja. Juzi kaivua, naona hataivaa tena."

Hakuna hata neno moja la uongo. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo, machozi yananitoka. Nilimwambia njiani kwamba mchezo ule utamtokea puani. Akasema amekaa mwaka mzima watu wakimtazama kama sahani iliyopasuka, na amechoka kuhurumiwa, afadhali wamwogope kidogo.

Kufikia Alhamisi bonde zima lilikuwa linajua kwamba Zella Slone amefungia mtu chumbani, bibi kizee au binti aliyepungukiwa akili, habari zilitofautiana, anamlaza njaa na yu uchi. Minta alipoambiwa jina la huyo mtu, alinyanyuka na kifundo chake hivyo hivyo.

Walifika Jumamosi saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa chali chini ya sinki la jikoni natengeneza bomba linalovuja. Minta aliingia wa kwanza akigonga fimbo, bila hodi, na nyuma yake Mama Mchungaji na sufuria ya kuku wenye madonge ya unga pamoja na mfuko wa nguo za saizi zote.

"Yuko wapi?" Minta akauliza.

"Karibu, wifi. Mguu unaendeleaje?"

"Achana na mguu wangu. Yuko wapi huyo mtu unayemwita kwa jina la mama yangu?"

"Zella, mpenzi," Mama Mchungaji akasema, "hatujaja kuhukumu. Tumemletea chakula tu."

"Siku yake ya kula bado," Zella akajibu, na Mama Mchungaji akaishikilia ile sufuria kifuani kama mtoto mchanga.

Nilimwona Zella anavyojizuia kucheka. Alitaka kuwaonyesha. Alikuwa ameingojea siku hiyo wiki nzima. "Kaeni," akawaambia, "nawaletea." Akaelekea chumbani.

Aliporudi uso ulikuwa umembadilika. Alisimama mlangoni mikono mitupu, akasema taratibu, "Hayupo. Sikubana kile kifungo cha kifuniko vizuri."

"Kifuniko?" Mama Mchungaji akasema. "Kifuniko cha nini?"

"Cha sanduku."

"Mungu wangu, alikuwa anamweka kwenye sanduku." Akaanza kutafuta simu mkobani ampigie sherifu.

"Mama Mchungaji, ngoja. Dosha ni nyoka."

"Sawa kabisa," Minta akasema. "Maskini kamtoroka, sasa anamtukana."

"Nyoka, wifi! Nyoka wa kweli! Lonzo, waambie!"

Nilitoa kichwa chini ya sinki nikawaambia ni nyoka. Mama Mchungaji alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba njama ina watu wawili. Zella alikuwa ameshapiga magoti, anachungulia chini ya friji, anaita "Dosha, Dosha" kwa sauti ambayo sikuipenda, maana haikuwa na mzaha. Nje kulikuwa na barabara, na paka wa jirani, na watu wenye majembe.

Minta, kwa vile haamini kwamba jambo lolote linaweza kuendelea bila kahawa, alifungua kabati la juu ya jiko kutafuta kopo. Dosha alikuwa humo, amejizungusha kwenye bati la sukari mizunguko mitatu, kidevu juu ya kifuniko.

Nasema nilichokiona. Mama Mchungaji alipita kwenye sanduku langu la vifaa, akapita kwenye kiti, akaishia juu ya meza na viatu vyake, na ile sufuria bado iko kifuani, hakumwaga hata tone. Minta hakusogea. Aliegemeza fimbo ukutani, akaingiza mkono taratibu chini ya tumbo la nyoka, na wa pili mbele kidogo, akamtoa kama mtu anayetoa nguo mbichi kwenye beseni.

"Njoo, binti," akasema. "Umefuata joto la jiko, eh? Una akili kuliko mwenye nyumba."

Zella akabaki magotini, mdomo wazi. "Huogopi?"

"Kuogopa nini? Ghala la mahindi la baba lilikuwa na wawili wa hivi kila mwaka. Baba alituambia atakayewagusa na jembe atalala ghalani yeye badala yao, akamate panya." Akampima nyoka kwa mkono. "Anapenda watu huyu. Umemchagua vizuri."

Zella alianza kutabasamu. Hakuwahi kusifiwa na wifi yake tangu harusi yake.

"Na jina?" Minta akasema.

"Jina gani?"

"Usinichezee, wifi. Nyoka umempa jina la mama yangu."

"Nilimpenda mama yako."

"Hukumpenda."

"Nilimzoea."

"Mbadilishe jina."

"Ameshalizoea."

"Nyoka hasikii, wifi!"

"Basi amezoea asivyosikia!"

Minta akamweka Dosha mikononi mwa Zella, kwa upole, akachukua fimbo yake. Akamsaidia Mama Mchungaji kushuka mezani. Mlangoni akageuka, akamnyang'anya Mama Mchungaji ile sufuria ya kuku, akaondoka nayo.

Hakurudi Jumanne, wala Jumanne zilizofuata. Watu walipogundua mpangaji ni nani walicheka mwezi mzima, na wapo waliokuja kumwona, na Zella aliwakaribisha. Lakini makopo yake yalikaa vile vile alivyoyaacha, chakula kilibaki na chumvi yake mwenyewe, na kufikia vuli nilimsikia akilalamika kwamba nyumba imepooza. Nilimwambia apige simu. Akasema simu ina pande mbili.

Januari ikaja ile dhoruba ya barafu. Miti ilianguka juu ya nyaya kuanzia darajani mpaka juu kabisa, umeme ukakatika, na nyumba ya Zella haina joto lingine ila la umeme. Kwangu jiko la gesi lilikuwa limeharibika, nalala na makoti mawili. Asubuhi ya pili nilifunga minyororo kwenye magurudumu nikavuka kijito. Nilimkuta amekaa kitandani na koti, kofia na mablanketi manne, na kifuani, ndani ya foronya, Dosha.

"Amekuwa mzito, Lonzo. Hasogei."

"Minta ana jiko la kuni," nikamwambia.

Akavaa viatu.

Minta alifungua mlango kabla hatujafika barazani. Alimtazama Zella, akaitazama ile foronya.

"Wewe ingia," akasema. "Huyo mlaze kwenye kikapu pale, si karibu sana na jiko. Apate joto pole pole, ukimkurupusha utamuua."

Tulikaa siku tatu, mimi kwenye kochi, wao wawili kwenye kitanda cha marehemu Dosha mwenyewe. Tulikula maharage na mkate wa mahindi, tukacheza karata, na wote watatu tulinung'unika bila kukoma. Kikapuni hakuna aliyenung'unika. Kufikia saa nane mchana wa siku ile tuliyofika ulimi ulianza kuchungulia, na kesho yake yule nyoka alikuwa anazunguka chini ya meza kana kwamba hapakuwahi kuwa na baridi duniani. Zella alijifanya moshi wa jiko umemwingia machoni.

Minta akamwinua Dosha, akamweka mapajani chini ya blanketi, akasema ni kwa ajili ya kifundo chake tu. Mimi nilijifanya nimelala.

"Mama alikuwa ananikagua makabati," Minta akasema. "Hata nilipokuwa na wajukuu."

"Najua. Na mimi alinikagua."

"Na mimi nikaja nikakukagua wewe."

"Miaka ishirini, wifi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilimpa nyoka jina lake."

Nilisubiri mlipuko. Nilichosikia ni blanketi linatikisika, halafu Minta akalipuka kwa kicheko cha kukohoa, na Zella naye, na nadhani walicheka mpaka Dosha akaona kelele zimezidi akashuka akajiendea zake.

Umeme ulirudi siku ya nne. Nilipowasha gari, Minta alitoka barazani akasema nyumba ya Zella bado ni barafu tupu, Dosha abaki mpaka Ijumaa. Ijumaa akasema chumba cha Garland kina upepo. Alimwachia Februari, na hata hapo Zella alilazimika kumfuata mwenyewe.

Sasa imepita miaka minne. Jina halikubadilishwa. Minta humwita "Binti," Zella humwita Dosha, na mwenyewe haitikii jina lolote. Wiki iliyopita niliitwa kutengeneza hita, nikawakuta wawili hao sebuleni wanazozana kuhusu unene wake. Minta anasema anashibishwa kupita kiasi, Zella anasema ni mifupa mikubwa, na wamemweka kwenye mizani ya jikoni, nusu ya mwili wake inaning'inia nje. Wakaniambia niamue. Wakati wanabishana kama mkia uhesabiwe au la, Dosha alikuwa ameshateremka mizanini, amefika kwenye pazia, anapanda.

Nikawaacha, nikaenda kuangalia hita.